Kurudi, Kurudisha, Kurudishwa: Njia ya Mkristo Aliyeanguka

Kiswahili kimetupatia neno moja lenye matawi manne, na mtu aliyeanguka dhambini akiwa tayari anaitwa Mkristo atayapitia yote manne kabla hajapona. Kuna kurudi, yaani kugeuza miguu na kumwelekea Mungu uliyekuwa ukimkimbia. Kuna kurudisha, yaani kumpa mwenye mali mali yake na mwenye heshima heshima yake. Kuna kurudiwa, kwa maana ile ya kale inayotumika katika Waebrania 12, pale tunapoambiwa kwamba yule ambaye Bwana ampenda humrudi, kama mzazi anavyomrudi mtoto wake. Na kuna kurudishwa, jambo ambalo mtu hawezi kujitendea mwenyewe. Wengi ninaozungumza nao hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, huyachanganya matawi haya: mmoja hudhani kwamba akishamaliza kulipa ndipo Mungu atamsamehe, na mwingine hudhani kwamba kwa kuwa Mungu amemsamehe, hadaiwi na mtu tena. Wote wawili hukwama njiani. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa wa kwanza, kisha nikawa wa pili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kwaya katika kanisa dogo lililo kwenye mteremko wa Kadutu, na mikononi mwangu kulikuwa na michango ya mabati. Mtoto wangu aliugua, nikachukua dola 20 kwa nia ya kuzirejesha mwisho wa mwezi. Mwezi ulipoisha nikachukua nyingine 40, safari hii bila mgonjwa nyumbani, na kufikia msimu wa mvua nilikuwa nimekula dola 180. Michango hiyo iliandikwa katika daftari lenye jalada la buluu, nami nilikuwa nimezigandisha kurasa mbili kwa uji mzito wa unga wa muhogo, ili atakayelifungua adhani zimeshikana kwa unyevunyevu. Jumapili mvua ilipovuja na akina mama wakasogeza mabenchi kukwepa matone, mimi niliimba besi huku nikitazama sakafu.

Litaje kosa kwa jina lake

Anza kwa kuacha lugha ya kujificha. Sisi watu wa kanisa tuna misamiati mingi ya kufunika uchafu: shetani alinipitia, nilipita katika majaribu, nilipoa kidogo kiroho. Maneno hayo huenda yana ukweli ndani yake, lakini hayamwambii Mungu wala moyo wako ni nini hasa kilichotendeka. Sema niliiba, nilizini, nilishuhudia uongo, nilimpiga mke wangu, nilimtelekeza mama yangu akiwa mgonjwa. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na siku ile nabii Nathani alipomwendea Daudi kwa sababu ya Bathsheba, haina hata mstari mmoja unaomlaumu Bathsheba, wala joto la jioni, wala upweke wa kiti cha enzi. Ukitaka kupima kama umefika mahali hapo, chukua karatasi uandike ulichofanya, lini, kwa nani, na kama ni mali, ni kiasi gani. Mkono utakaposita, hapo ndipo penye kidonda.

Ni lazima nisimame kidogo hapa, kwa sababu tunaishi Kivu na vita vimepita katika miili ya watu. Si kila aibu ni hatia. Mwanamke au mwanamume aliyebakwa hana dhambi ya kuungama katika jambo hilo, na mchungaji, padri au mama mkwe anayemwambia akaombe msamaha kwa kilichompata anamwongezea jeraha juu ya jeraha. Huyo anastahili tabibu na watu wa kumsikiliza. Hospitali ya Panzi imekuwa ikiwapokea maelfu ya watu wa namna hiyo tangu mwaka 1999, na kwenda huko si ukosefu wa imani. Kadhalika aliyekimbia risasi akamwacha jirani nyuma hajamuua jirani huyo. Machozi yake ni ya msiba, na msiba hautubiwi, huliliwa.

Kwa upande mwingine, ziko dhambi ambazo tumezizoea mpaka hazituumi tena. Februari 2025, maghala yalipoporwa mjini humu, watu walioimba nasi Jumapili iliyotangulia walionekana wakishuka na magunia kichwani. Wengine walikuwa na njaa ya kweli, nami si hakimu wao. Lakini ninawafahamu wasiolala vizuri tangu siku zile, na mwongozo huu unawahusu pia.

Mwendee Mungu kabla hujapata cha kumpelekea

Kosa langu kubwa baada ya wizi ule lilikuwa kukataa kusali mpaka nitakapokuwa nimezirudisha zile fedha. Niliona ni unafiki kupiga magoti huku daftari limegandishwa. Kumbe kiburi ndicho kilichokuwa kimevaa nguo za unyenyekevu. Soma tena Luka 15, ukiangalia hotuba aliyoitunga yule kijana akiwa bado kwa nguruwe. Ilikuwa na sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika, baba alikuwa ameshakimbia kumlaki na kumbusu, kijana akasema sehemu mbili za kwanza, na ile ya tatu, ile ya kuomba kibarua ili alipie makosa yake kwa jasho, haikusemwa kamwe. Baba alikuwa ameshageukia watumwa akidai vazi, pete na viatu. Kijana yule hakuwa na senti mfukoni, na alisamehewa akiwa angali ananuka zizi.

Basi, sali leo. Kama huna maneno, isome Zaburi ya 51 kwa sauti, polepole, na unapofika kwenye neno "makosa" weka pale ulichoandika kwenye karatasi. Kisha soma 1 Yohana 1:9, inayosema kwamba tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Tazama kwamba mstari huo unautegemeza msamaha juu ya uaminifu na haki ya Mungu, na hausemi lolote juu ya wingi wa machozi yako. Mkristo husamehewa kwa sababu Kristo ameshalipa msalabani. Ukilia sana au ukishindwa kulia, malipo hayo hayaongezeki wala hayapungui.

Kwa sababu hiyo hiyo ninawasihi wasomaji wajihadhari na baadhi ya vyumba vya maombi vinavyofunguliwa kila kona ya mji. Humo aliyeanguka huambiwa kwamba tatizo lake ni laana ya ukoo, kwamba anatakiwa kufunga siku saba, tena apande mbegu ya dola 50 ili kifungo kikatike. Kufunga ni jambo jema, na sadaka ni jambo jema. Lakini mtu anayekuuzia kile ambacho Mungu ametoa bure anakuongezea deni la pili wakati la kwanza bado halijalipwa, na tena anakupora toba yenyewe, kwa maana ukishaambiwa kwamba ni babu aliyekuloga, huna tena sababu ya kusema "nimekosa".

Chagua vizuri sikio la kuungamia

Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi, lakini haituagizi kumwungamia kila mtu. Mfano unaonitisha zaidi katika jambo hili ni wa Yuda. Watu husahau kwamba Yuda alijuta, alikiri waziwazi kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, na alirudisha vipande vyote 30 vya fedha. Ila alikwenda kuyasema hayo kwa wale wale waliomnunua, nao wakamjibu kwamba jambo hilo haliwahusu, aliangalie mwenyewe. Akatoka akajinyonga. Petro, aliyemkana Bwana mara tatu usiku ule ule, alilia kwa uchungu, lakini siku ya tatu tunamkuta angali miongoni mwa wenzake. Ikiwa wewe unayesoma umeanza kufikiri kwamba kufa ndiko kutakakomaliza aibu yako, usiulale usiku huu peke yako: mwamshe mtu, jirani au ndugu, umwambie maneno hayo hayo kabla ya jambo jingine lolote.

Mtu wa kumwungamia awe amekomaa, awe na kifua, yaani neno likiingia kwake lisitokee redio ya mitaani kesho yake, na asiwe na faida yoyote katika kuanguka kwako. Kwa Wakatoliki njia imeshachongwa: sakramenti ya kitubio, pamoja na majuto, maungamo kwa padri ambaye siri hiyo hawezi kuifichua kwa sababu yoyote ile, na malipizi. Kwa sisi Waprotestanti mara nyingi ni mchungaji, mzee wa kanisa au mama mmoja mwenye hekima. Upana wa maungamo ufuate upana wa kosa. Ulilomkosea mtu mmoja limalizie kwake. Ulilolikosea kusanyiko likiri mbele ya kusanyiko. Yaliyo ya moyoni mwako na Mungu wako yasipelekwe madhabahuni kuwashangaza watoto. Kosa lililomdhuru mtoto mdogo, au lililomwaga damu, halimalizwi ndani ya ofisi ya mchungaji, hata akiombea mpaka alfajiri: aliyedhurika alindwe kwanza, na sheria iambiwe.

Mimi nilikwenda kwa mchungaji wangu jioni moja ya Jumanne. Umeme ulikuwa umekatika. Mama Mchungaji alikuwa akichambua maharage kwenye ungo karibu na kibatari, aliponiona akanyanyuka na ungo wake akaingia ndani bila kuuliza kitu. Nililiweka daftari mezani nikasema, "Baba, kuna kurasa mbili hapa hazifunguki, na ni mimi niliyezigandisha." Hakujibu. Alichukua kisu cha jikoni, akakipitisha ncha katikati ya kurasa kidogo kidogo kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuichana, na unga mkavu ukadondoka mezani. Alizisoma tarakimu zote mpaka chini. Kisha akakifunga kitabu na kuniambia, "Kwanza tusali, mwanangu. Hesabu itafuata." Nimeyarudia maneno hayo kwa watu wengi tangu siku ile, kwa sababu ya mpangilio wake. Kama angeanza na hesabu ningeondoka mdeni. Kama angeishia kwenye sala ningeondoka mwizi.

Rudisha, na uongeze

Torati haikuwa na haya kutaja viwango. Walawi 6 inaagiza aliyedhulumu arudishe mali nzima na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo alikwenda mbali zaidi, akaahidi mara nne, pamoja na nusu ya mali yake kwa maskini, na aliahidi hayo baada ya Yesu kujialika nyumbani kwake, si kabla. Katika hali yangu tuliifuata ile ya tano: dola 180 pamoja na 36 zilifanya 216, zikagawanywa katika miezi 18, dola 12 kila mwezi. Mambo matatu niliyajifunza kwa kuumia. La kwanza, mwambie mwenzi wako kabla ya malipo ya kwanza. Mke wangu alijua kwa kuona sufuria imepungua, na hasira yake ilikuwa ya haki kuliko ya kanisa lote. La pili, panga kiasi unachokiweza hata mwezi mbaya, maana ahadi kubwa inayovunjika mwezi wa tatu ni uongo mpya. La tatu, kila malipo yaandikwe na kutiwa sahihi na watu wawili, hasa kwa kuwa benki zilipofunga milango mwaka 2025 fedha hapa zilianza kupita mkononi au kwenye simu, na ugomvi wa nani alipokea nini huzuka haraka.

Je, kama mwenye mali hajulikani, amekufa, au amekimbilia mbali? Hili ni swali la wale wa magunia, na nilishangaa kukuta kwamba limeulizwa zamani. Hesabu 5:8 inazungumzia mtu aliyekosewa ambaye hana hata jamaa wa karibu wa kupokea, nayo inasema marudisho hayo yawe ya Bwana, yapewe kuhani. Hatia haifutiki kwa sababu mdai hayupo. Ninavyoelewa mimi, kama gunia la unga la kilo 25 lilikuwa limetengwa kwa ajili ya waliohamishwa na vita, basi kilo 25 za unga, na tano juu yake, ziende kwa waliohamishwa na vita, zipelekwe kimya kimya kupitia parokia au kanisa lililo karibu nao. Kwa duka la mfanyabiashara unayemfahamu, hakuna njia ya mkato: utakwenda kwake, naye ana haki ya kukufokea. Anaweza pia kukataa kukusamehe. Hilo litabaki mikononi mwake, wewe rudisha.

Kubali kurudiwa

Katika makanisa yetu mengi aliyeanguka huondolewa kwenye huduma na kuzuiwa Meza ya Bwana kwa muda. Jaribu kubwa la wakati huo ni kuhama. Bukavu haikosi kanisa jingine ng'ambo ya barabara litakalokupokea Jumapili ijayo kwa vigelegele, likakupa na maikrofoni Jumapili itakayofuata bila kukuuliza umetoka wapi. Usihame. Kaa kwenye benchi la nyuma uwaache watu wakuone. Miezi niliyokaa nyuma nilisikia kwaya jinsi inavyosikika kwa wengine, na niligundua kwamba hatukuwa wazuri kama tulivyodhani.

Neno moja kwa wazee wa kanisa: wekeni tarehe ya mwisho, mwiandike. Katika 2 Wakorintho 2 Paulo anasema adhabu aliyopewa yule mtu na walio wengi yatosha, na sasa inapasa kumsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyozidi. Nidhamu isiyo na kikomo humfanya mtu ajifunze kuishi nje ya Meza, na akishazoea harudi.

Subiri kurudishwa

Anayeishi kando ya Ziwa Kivu anaweza kuielewa Yohana 21 bila mfasiri. Usiku huwaona wavuvi wa sambaza, mitumbwi yao mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji, na alfajiri huwaona wakirudi, baadhi yao kimya kwa sababu usiku umewanyima. Petro alikuwa hivyo asubuhi ile. Alipofika ufukoni alikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Katika Agano Jipya zima neno hilo la Kigiriki, la moto wa makaa, linapatikana mahali pawili tu: hapa, na uani kwa kuhani mkuu, pale Petro alipokuwa akiota moto na kukana. Mtu yeyote aliyepikiwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, anajua jinsi harufu ya makaa inavyoweza kumrudisha mahali asipotaka. Yesu hakumkwepesha harufu ile. Alimlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alipewa kazi: lisha, chunga, lisha. Kabla ya hapo, katika Luka 22:32, alikuwa ameshamwambia kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Yaani kuanguka kwake kulikuwa kumeombewa kabla hakujatokea.

Ila kurudishwa si lazima kuwe kurudishiwa kiti kile kile. Baada ya miezi 18 niliruhusiwa kuimba tena, lakini sanduku la fedha sikupewa, nami sikuliomba. Aliyekuwa akinywa pombe asirudishiwe ufunguo wa baa kwa kisingizio cha imani. Mimi hufundisha watoto sauti za besi na tenori, na mweka hazina wa sasa, binti mmoja mkali wa hesabu, huniita nimshikie taa anapohesabu sadaka jioni, jambo ambalo mwanzoni lilinitoa jasho.

Na usiku kumbukumbu itakaporudi, kwa kuwa hurudi, jiulize swali moja tu: je, kuna jina au deni ambalo sijalishughulikia? Likiwepo, amka asubuhi uliendee. Lisipokuwepo, mshukuru Mungu kwa jina la Yesu, ugeukie upande wa pili, ulale. Mimi kwa muda mrefu nilizitunza zile risiti 18 ndani ya Biblia, nikizihesabu kila nilipoingiwa na hofu, mpaka asubuhi moja ya mvua nilipoamka nikakuta mke wangu amezikunja zote na kuwashia mbabula, na maji ya chai yakiwa tayari yanachemka.